Mtoto amekariri shairi lote, lakini je, ni lake?

Mahafali ya darasa la saba yakikaribia, shule nyingi za msingi nchini huwa na sura moja, na Mgori, kata iliyo katika Wilaya ya Singida, haina tofauti. Viti vinapangwa kivulini, turubai linafungwa juu ya meza kuu, spika zinajaribiwa kwa muziki wa sauti ya juu, kisha ratiba inasomwa: wimbo wa Taifa, risala, kwaya, ngoma, shairi.

Zamu ya shairi ikifika, wazazi hunyoosha shingo. Watoto wanne wanatoka, soksi zimepandishwa hadi magotini, wanainama pamoja mbele ya mgeni rasmi. Wanaanza kwa sauti ya juu kabisa, mkono wa kulia ukipanda na kushuka kama wa mtu anayetwanga. Beti sita zinamalizika ndani ya dakika mbili. Makofi. Mama mmoja anakwenda mbele na noti ya elfu mbili, anambandika mwanawe kwenye paji la uso.

Jioni, muulize mtoto huyo shairi lilikuwa linasema nini. Wengi watajibu kwa kulirudia lote tangu mwanzo, kwa kasi ileile.

Si kosa la mtoto. Shairi lilitungwa na mtu mzima, likaandikwa ubaoni, likanakiliwa kwenye daftari, likakaririwa kama jedwali la kuzidisha. Mtoto huyohuyo anapokaa kwenye mtihani wa Kiswahili akaulizwa vina vya kati vya shairi ni vipi, au mizani ni mingapi katika kila mshororo, anakwama. Amekuwa akitumia vina na mizani kwa wiki tatu mfululizo bila kuambiwa kwamba ndivyo hivyo alivyokuwa navyo mdomoni.

Hapo ndipo ufundishaji wa shairi unapokatika vipande viwili visivyojuana: kipande cha mtihani chenye istilahi, na kipande cha jukwaani chenye kelele. Nyumbani vinaweza kuunganishwa, na mzazi hahitaji kuwa mwalimu wa Kiswahili. Anayesikia mizani ndiye anayejua mahali pa kuvuta pumzi. Anayesikia kina ndiye asiyesahau mstari unaofuata, kwa sababu sauti ya mwisho inamvuta.

"Sisi si watu wa pwani"

Wazazi wengi wa bara hujitoa mapema katika jambo hili. Ushairi wa Kiswahili, wanasema, ni wa watu wa Tanga, Lamu na Unguja. Sisi huku ni watu wa alizeti na mtama. Ni kweli kwamba pwani ndiko utenzi na shairi vilikokulia kwa karne nyingi. Lakini kitabu kilichokuja kutegemewa sana kuhusu kanuni za utungaji, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha mwaka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Na ngonjera, hizo ambazo watoto wetu hupanda nazo jukwaani, zina uhusiano wa karibu zaidi na Singida kuliko wengi wanavyodhani.

Mtu anayetajwa kuwa baba wa ngonjera ni Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917. Wakati wa ukoloni, Dodoma na Singida zilikuwa katika jimbo moja, Jimbo la Kati. Mnyampala alilelewa katika Kigogo, Kiswahili akajifunza, na akakimudu kiasi cha kuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, alitumia mashairi ya majibizano kuwaeleza wananchi siasa mpya ya nchi. Vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta vilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka 1969, na fani hiyo ikaenea shuleni.

Kwa hiyo mtoto wa Mgori anayezungumza Kinyaturu nyumbani na Kiswahili darasani yuko njia ileile aliyopita Mnyampala. Hata hiyo lugha ya nyumbani si mzigo. Kinyaturu, au Kirimi kama wenyewe wanavyokiita pia, ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Mtoto aliyekulia humo ana sikio lililozoea kupima sauti kabla hajajua kusoma. Kiswahili chenyewe hakitumii toni. Kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akishaonyeshwa tofauti hiyo moja, hata lafudhi yake jukwaani hutulia.

Kama bibi yupo na ana wimbo wa kubembelezea mtoto, somo la kwanza ni kuuimba huo, watoto wakipiga makofi. Hakuna haja ya kueleza chochote bado.

Punje nane na punje nane

Baada ya makofi, chukua punje za mahindi. Mizani ni silabi tu, na silabi ni mapigo ya mdomo. Neno "alizeti" lina mapigo manne: a-li-ze-ti. "Kuku" mawili. "Singida" matatu. Mtoto aseme neno, aweke punje moja kwa kila pigo. Watoto wa darasa la pili wanaweza mchezo huu, na huwa hawataki kuuacha.

Utamu unaanza kwenye herufi m na n. "Mtoto" ni m-to-to, punje tatu, maana m imesimama peke yake. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, punje mbili. "Mvuvi" ni m-vu-vi, tatu. "Mvua" ni mvu-a, mbili. "Nchi" ni n-chi, mbili, ingawa kwa macho inaonekana fupi. Hata neno moja linaweza kugeuka: ukisema "mtu mbaya", hiyo "mbaya" ina mapigo matatu, ukisema "habari mbaya", ina mawili. Usimpe mtoto kanuni. Mwambie aseme polepole huku kiganja kikiwa chini ya kidevu, asikilize. Maneno kama "rasmi" na "daftari" huwagombanisha hata walimu, wengine wakihesabu ile s au f kuwa pigo na wengine wakikataa. Ugomvi huo ukizuka mezani, uacheni uendelee. Ni dalili njema.

Sasa mpe ubeti mzima. Huu hapa unaweza kutumika, umetungwa kwa ajili ya zoezi hili:

Tumelima alizeti, mvua bado i mbinguni,
Babu ametoa kiti, anatazama angani,
Mbuzi nao kwenye mti, wamelala kivulini,
Mvua, njoo kwa wakati, utunyeshee shambani.

Panga punje za mstari wa kwanza: nane kabla ya mkato, nane baada yake. Mstari wa pili, vilevile. Kila mstari huo shuleni huitwa mshororo, na mishororo minne ikikaa pamoja ni ubeti. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Shairi lenye ubeti wa mishororo minne ni tarbia, nalo ndilo mtoto atakalokutana nalo mara nyingi zaidi. Likiwa na mishororo mitatu ni tathlitha, mitano ni takhmisa. Majina haya ya Kiarabu yanaogopesha yakitangulia. Yakija baada ya punje, mtoto anayapokea kama majina ya vitu anavyovijua tayari.

Kisha mwambie afumbe macho, asikilize miisho. Alizeti, kiti, mti, wakati: hivyo ni vina vya kati. Mbinguni, angani, kivulini, shambani: hivyo ni vina vya mwisho. Mshororo wa nne, unaofunga wazo la ubeti, ni kituo. Ukirudiwa kila ubeti bila kubadilika, ndio kibwagizo, ambao hadhira nayo inaweza kuudaka.

Jaribio zuri ni kuharibu shairi kwa makusudi. Badili "mvua bado i mbinguni" iwe "mvua bado iko mbinguni". Kwa sarufi ya kila siku, hiyo ya pili ndiyo inayojulikana zaidi. Lakini mwambie mtoto aiseme huku akitembea, hatua moja kwa kila pigo, kutoka mlangoni hadi jikoni. Mguu utamshtaki: kuna hatua moja imezidi. Sasa ataelewa kwa nini mshairi huruhusiwa kufupisha, ruhusa ambayo walimu huiita inkisari, na kwa nini wakati mwingine hurefusha neno, yaani mazida. Hazikuwekwa ili kumtesa mtahiniwa. Ni njia za fundi kukata ubao utoshe mlango.

Halafu mwachie nafasi. Mpe mishororo mitatu, ya nne aitafute mwenyewe. Atakuja na "Mvua ikija, tutacheza uwanjani", vina vya kati vimepotea, mizani imepungua. Asicheke mtu. Muulize tu: punje ngapi? Atarudi kwenye punje. Mtoto aliyetunga mshororo mmoja ulionyooka amejifunza zaidi ya aliyekariri beti ishirini, na hili halina haja ya kupimwa kwa mtihani; litaonekana usoni kwake.

Je, akileta shairi lisilo na vina kabisa? Lipokee. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi yenye mashairi huru, na mabishano aliyoyachochea pamoja na wenzake kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko yalidumu miaka mingi. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, mizani ni mchezo kama rede au kuruka kamba, na mchezo bila kanuni humchosha haraka. Aanze na kanuni. Kuzivunja atajifunza mwenyewe, tena mapema kuliko mzazi anavyotaka.

Kughani si kupiga kelele

Watoto hupiga kelele jukwaani kwa sababu wameambiwa "toa sauti". Sauti haitoki kooni. Mlaze mtoto chali mkekani, umwekee daftari tumboni, avute pumzi hadi daftari lipande. Hiyo ndiyo pumzi ya kughani. Akisimama, aitafute tena palepale.

Pumzi ina mahali pake: kwenye mkato, kati ya ukwapi na utao, kidogo, mwisho wa mshororo, kubwa zaidi, mwisho wa ubeti, atulie kabisa, ahesabu moja hadi mbili kimoyomoyo. Huko kutulia ndiko watoto wanakokuogopa zaidi ya kitu chochote. Wanadhani wakinyamaza watu watafikiri wamesahau. Mfanyie zoezi la kunyamaza: mwisho wa kila ubeti akutazame wewe machoni, ukikonyeza ndipo aendelee. Baada ya siku tatu hatahitaji tena kukonyezwa.

Kuna kusoma shairi, kuna kughani, na kuna kuliimba kwa mahadhi. Shule nyingi huchanganya vyote. Nyumbani jaribuni ubeti mmoja kwa njia zote tatu. Ule ubeti wa alizeti, kwa mfano, ukisemwa kama mtu anayemnong'oneza jirani, mstari wa babu na kiti chake unakuwa na huzuni. Ukisemwa haraka, unachekesha. Mtoto achague, kisha aeleze kwa nini. Akishaweza kueleza, shairi limeanza kuwa lake.

Na mkono ule unaotwanga? Uondoe wote kwanza. Siku mbili mtoto aghani mikono ikiwa nyuma. Siku ya tatu mruhusu ishara moja tu katika ubeti mzima, aiweke pale anapoona haiepukiki. Wengi huiweka kwenye "anatazama angani", nao wana haki.

Mtoto mwenye haya asisukumwe mbele ya wageni sebuleni. "Mwimbie baba mdogo shairi lako" imewafunga midomo watoto wengi. Aanze kwa kuwaghania mbuzi, kisha mdogo wake, kisha bibi, ambaye kwa kawaida husikiliza hadi mwisho. Mwenye kigugumizi naye asiondolewe kwenye orodha haraka. Watoto wengi wenye kigugumizi hutamka kwa urahisi zaidi wanapofuata mapigo ya wimbo au shairi kuliko wanapoongea kawaida. Haiwi dawa, lakini kwa dakika tatu za ubeti na kibwagizo, mtoto anasikika, na wenzake wanamsikia akisikika.

Simu uliyoshika mkononi ina kinasa sauti. Mrekodi leo, mrekodi baada ya wiki, msikilizishe zote mbili. Usiseme lolote. Atajisahihisha mwenyewe kuliko ambavyo ungemsahihisha, na bila machozi. Usirushe rekodi hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hujamuuliza.

Mchoma mkaa apewe hoja zake

Sasa ngonjera, na hapa kuna jambo zito.

Ngonjera ni majibizano. Mmoja anajua, mwingine hajui au anapinga. Wanabishana ubeti kwa ubeti, na mwisho mpinzani anakubali. Ndivyo ilivyokuwa tangu Mnyampala, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuelimisha umma. Tatizo ni kwamba shuleni, mpinzani huwa mjinga tangu ubeti wa kwanza. Mlevi anajisifia ulevi, mtoro anajisifia utoro, mkata miti anafurahia jangwa. Hakuna mtu wa namna hiyo duniani. Watoto wanajua hivyo, nao huigiza bila kuamini.

Mgori ina msitu wa miombo unaofahamika sana, wenye zaidi ya hekta 40,000. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyopakana nao vilikabidhiwa jukumu la kuusimamia, vikaweka sheria ndogo na walinzi wao wenyewe, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Misitu ya 2002 kuupa utaratibu huo nguvu nchi nzima. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, Mgori ilikuwa miongoni mwa mifano ya mwanzo iliyotazamwa na wengine. Kwa hiyo ngonjera ya mazingira si mada ya kubuni huko. Ni habari ya nyumbani.

Chukulia basi kwamba shule imetoa ngonjera ya mlinzi wa msitu na mchoma mkaa, na mtoto aliyepangiwa kuwa mchoma mkaa ana baba ambaye, mwaka wa ukame, aliuza magunia mawili ya mkaa ili nyumba ile. Anapewa beti za kujisifia uharibifu. Atazisema mbele ya kijiji kizima. Baba atakuwa amekaa mstari wa tatu.

Mtoto huyo atafanya nini? Atapiga kelele na kutwanga kwa mkono, amalize haraka akakae. Kasi ile inayowaudhi waalikwa wakati mwingine ni aibu, si uvivu wa mazoezi.

Mzazi anaweza kwenda kwa mwalimu, kwa adabu, na kuomba mchoma mkaa apewe hoja za kweli. Walimu wengi hawakatai. Ngonjera huandikwa usiku baada ya kusahihisha madaftari tisini, na msaada unakaribishwa. Au watoto wenyewe waitunge sehemu hiyo nyumbani kwa punje zao. Kitu kama hiki:

Shoka langu walishika, wanipokonya kwa nini?
Sare imeshachanika, ya mwanangu wa shuleni,
Mtama umekauka, hakuna kitu ghalani,
Nipe njia ya hakika, nami nitoke porini.

Sasa mlinzi wa msitu ana kazi. Hawezi tena kujibu kwa "acha uharibifu". Lazima atafute jibu linalotosha mizani nane kwa nane na linalotosha pia tumbo: mizinga ya nyuki, kuku, alizeti, sheria ndogo za kijiji zinaruhusu nini na zinakataza nini. Mtoto anayecheza mlinzi atalazimika kumuuliza mtu mzima maswali ambayo hajawahi kuuliza. Huenda baba wa mchoma mkaa ndiye akawa mwenye majibu bora, maana anazijua bei za kila kitu na anajua nani alinunua.

Ikitokea watoto wamekosa jibu la kumridhisha mchoma mkaa, wasimlazimishe kukubali kwenye ubeti wa mwisho. Wamwachie aseme anangoja. Kanuni ya ngonjera itakuwa imepindishwa kidogo, na pengine mgeni rasmi atakunja uso. Lakini kijiji kitakachosikia hivyo kitabaki na la kuzungumza njiani kurudi nyumbani.

Yapo pia mashairi ambayo hayana ubishi hata kidogo: beti nne za kumsifu mgeni rasmi, moja ya kuomba madawati, moja ya kuomba choo. Maombi hayo huwa ya kweli kabisa, na mtoto akiomba, wakubwa hulainika. Ndiyo maana hupewa yeye. Mzazi asigombane na shule kwa hilo, ila ajue kilichotokea: mwanawe amebeba risala ya kamati kwa sauti tamu. Hilo lisihesabiwe kuwa ndilo shairi lake la mwaka. Awe na jingine, hata la beti mbili, kuhusu mbwa wake, au kuhusu kaka aliyekwenda Dar es Salaam na kutopiga simu.

Kuhusu noti za kutunza, elewaneni mapema. Fedha zinazobandikwa katikati ya ubeti humkata mtoto pumzi, na wale watatu waliosimama naye bila ndugu tajiri wanaona. Baadhi ya shule huweka sahani moja mbele, fedha zote zikaingia humo na kugawanywa sawa baada ya onyesho. Ni utaratibu mzuri, na haugharimu kitu zaidi ya sahani.

Ikiwa imebaki wiki moja

Pengine unasoma haya na mahafali ni Ijumaa ijayo, au kuna ratiba ya Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, au ya Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, na mwanao ameshakabidhiwa shairi. Hakuna muda wa kutunga. Bado kuna la kufanya.

Jumatatu, akueleze kila ubeti kwa maneno yake, kwa Kinyaturu kama ndiyo njia nyepesi. Ubeti asioweza kuueleza uwekewe alama, kesho akamuulize mwalimu. Jumanne, punje: atafute mshororo uliozidi au uliopungua, maana mara nyingi upo, na ndiko anakojikwaa kila siku bila kujua sababu. Amwonyeshe mwalimu kwa heshima. "Mwalimu, hapa naona mizani ni saba" ni sentensi ambayo mwalimu wa Kiswahili huikumbuka muda mrefu.

Jumatano na Alhamisi, pumzi na kunyamaza, mikono nyuma. Asilikariri zaidi; ameshalijua. Kama wanaghani wanne, wakutane jioni uwanjani, kila mmoja aghani ubeti wake na wote waingie kwenye kituo pamoja. Sauti nne zikitoka mfululizo kwa beti sita huchosha masikio. Zikikutana mara moja tu kila ubeti, watu hukaa vizuri kwenye viti.

Asubuhi ya siku yenyewe, maji ya kunywa na uji, asikae na njaa akisubiri ratiba inayochelewa. Mwonyeshe kwa kijiko namna ya kushika kipaza sauti: kiganja kimoja kutoka mdomoni, kisigeuzwe kuelekea spika, kitaunguruma. Kaa upande wa mbele anakoweza kukuona, mahali palepale ulipokuwa ukimkonyezea.